Dansi za Mchana na Mjomba Bwire

Majuzi nilikuwa namwogesha mjukuu wangu, na nilipomaliza kumfuta maji nikampaka poda mgongoni. Harufu ikanipanda puani, nikajikuta nimesonya. Binti yangu akauliza, "Mama, mtoto kakukosea nini?" Mtoto hakuwa amekosea kitu. Ni ile poda. Nyie wa umri wangu mliokulia Musoma mnaijua vizuri. Ndiyo iliyokuwa ikimwagwa kwenye sakafu ya ukumbi kabla ya dansi ili viatu viteleze. Alipita mtu na kopo, akinyunyiza kama anayelisha kuku, na mpaka jioni watu wote walikuwa weupe miguuni na wanapiga chafya. Siku hizi nawasikia watu wakiulilia muziki wa enzi zile, wanauita wa dhahabu. Mimi nilikuwapo. Nilikaa mstari wa pili na chupa ya soda, na nasema wazi kwamba sehemu kubwa ya muziki ule ilikuwa takataka.

Nilifikaje huko, mtoto wa kike wa darasa la tatu? Kwa sababu ya Mjomba Bwire. Huyu alikuwa mdogo wake mama, na alikuwa akipuliza saksafoni kwenye bendi ya shirika moja pale mjini. Wakati ule kila shirika lilitaka kuwa na bendi yake, kama lilivyotaka kuwa na gari. Kwa jina Mjomba alikuwa karani wa stoo, ila sidhani kama aliwahi kuujua mlango wa hiyo stoo. Aliishi nasi Nyakato, hapo hapo Musoma, kwenye chumba cha uani. Baba alikuwa akifanya kazi melini, haonekani nyumbani kwa majuma, kwa hiyo mama ndiye aliyekuwa baba wa nyumba, na ndiye pia aliyekuwa mtumishi wa mashati ya Mjomba. Aliyafua, akayatia wanga wa muhogo, akayapiga pasi ya mkaa mpaka kola zikasimama zenyewe. Mjomba alikuwa akiyapokea kwa ncha za vidole, akiyakagua, kama askari anayekagua vitambulisho.

Mama alikuwa na hofu moja tu juu ya mdogo wake: wanawake. Kwa hiyo Jumapili, tukishatoka kanisani na kula, aliniita.

"Nyamisi, vaa viatu. Utaenda na mjomba wako kwenye bugi."

Bugi ndilo lilikuwa dansi la mchana, la soda na biskuti.

"Mtoto wa nini tena, dada?" Mjomba alilalamika.

"Ukiwa naye utakumbukaga kurudi."

Masikini mama. Hakujua kwamba hakuna kitu kinachowavuta wanawake kama mwanamume nadhifu aliyeshika mkono wa mtoto. Walikuja kunibana mashavu, wakaniuliza jina, na wakati mimi najibu wao walikuwa wanamtazama yeye.

Ukumbi wa welfea, ule wa ustawi wa jamii, ndio uliokuwa bora kuliko kumbi zote, na aibu yenyewe iko hapo. Paa la bati, madirisha bila vioo, jukwaa la mbao zilizobanduliwa kwenye masanduku ya mizigo. Ubao mmoja ulikuwa umeoza, na mpiga gita la besi alikuwa amejizoeza kuuruka bila kuangalia chini. Mvua ikinyesha hakusikika mtu, watu wakawa wanacheza kwa kufuata mguu wa mpiga ngoma. Viti vya mbele viliachwa kwa ajili ya wakubwa. Wakubwa walichelewa. Wimbo umefika katikati, umeanza kidogo kunoga, mara anaingia bwana mmoja na tumbo lake na mke wake, kiongozi wa bendi ananyanyua mkono, wimbo unakatwa, unaanzwa upya kwa heshima yake. Kuna nyimbo ambazo nazijua mwanzo tu mpaka leo.

Huyo kiongozi wa bendi kila mtu alimwita Kapteni, ingawa hakuwahi kuwa hata mgambo. Mtu mfupi, mwenye leso ya kujifutia jasho ambayo aliibadilisha kila wimbo, na sauti ya kutangazia mnada. Nyimbo zake zilitungwa ofisini. Kulikuwa na wimbo wa mbolea. Kulikuwa na wimbo wa kisomo cha watu wazima. Ule uliopendwa kuliko yote, wa polepole, uliowafanya vijana wakumbatiane na kufumba macho, ulikuwa unahimiza kila kaya ichimbe choo. Niliwatazama nikiwa nimekaa na soda yangu, nikaamini kabisa kwamba mapenzi ya watu wazima ndivyo yalivyo: mwanamume anamshika mwanamke kiuno, wanaegemeana, na wote wawili wanawaza choo cha shimo. Nilipomuuliza mama kama yeye na baba walichimba cha kwao kabla ya ndoa au baada, aliniambia nikamenye mihogo.

Na Mjomba? Mjomba alipuliza hovyo. Nalisema sasa kwa kuwa nimeshasikia wanaojua. Sauti za juu zilimtoka kama mbuzi anayevutwa kamba. Alifumba macho kwa uchungu wa kisanii, kisha akalifumbua moja kidogo kuona nani anamtazama. Lakini wakati ule nilimwona mfalme. Nilidhani lile jicho moja analifumbua kunitafuta mimi.

Tulizunguka kumbi zote, na kila tulikokwenda palikuwa pabaya kuliko tulikotoka. Kulikuwa na baa moja kando ya ziwa, jukwaa lake makreti ya bia yaliyofunikwa turubai. Pale ilibidi dansi liishe jua likiwa bado juu, maana jua likishuka wale wadudu wa ziwani walikuja kama moshi, wakaingia kwenye taa, kwenye glasi na midomoni mwa waimbaji. Siku moja mwimbaji alifungua kinywa kuvuta ile sauti ndefu ya mwisho, akameza bakuli zima. Watu walimpigia makofi wakidhani kikohozi kile ni mtindo mpya kutoka Kongo. Jumapili iliyofuata vijana wawili wa Nyakato walikuwa wanaimba kwa kukohoa.

Bunda tulikwenda msimu wa pamba, wakati wakulima wamelipwa. Dansi lilipigwa kwenye godauni. Nyuzi za pamba zilikuwa zinaelea hewani, zikamkaa Mjomba kwenye nywele mpaka akaonekana mzee, na jenereta lililofungwa nyuma ya ukuta lilinguruma kuliko gita la besi. Wakulima wa watu walikuja na makatambuga yao miguuni, wakaambiwa mlangoni kwamba hawawezi kuingia na viatu vya matairi, vinaharibu sakafu. Sakafu yenyewe ya godauni! Wakavua, wakaingia peku, wakacheza vizuri kuliko wote, na Kapteni akasema kwenye kipaza sauti kwamba amefurahi kuona wananchi wa huku nao wanaanza kustaarabika.

Butiama ndiko walikokwenda kwa mashati mapya, kwa sababu palikuwa na wageni. Wanavijiji walikuwa wameambiwa kila mmoja aje na kigoda chake, wakaja, wakapanga vigoda uwanjani, wakakaa. Bendi ikapiga wimbo wa mbolea. Wakasikiliza kwa adabu. Ikapiga wimbo wa choo. Wakasikiliza kwa adabu. Halafu upande wa pili wa uwanja akina mama wakaanza ngoma yao, njuga miguuni, na vigoda vikanyanyuliwa kimoja kimoja, vikahamia huko. Hata wageni waligeuza shingo. Mbele ya bendi nilibaki mimi na mbwa.

"Washamba," Mjomba alisema akifuta mdomo wa saksafoni. "Hawa hata ukiwapigia malaika watakwenda kutazama njuga."

"Mjomba, mi nimebaki," nikamwambia.

"Wewe una masikio ya mjini," akaniambia, na nilitembea na sifa hiyo mwezi mzima.

Bibi, aliyewazaa mama na Mjomba, aliishi upande wa Guta, karibu na Bunda, kwenye mji wake wa nyumba za nyasi na zizi. Babu alikuwa amezikwa hapo hapo, kwenye ua. Mjomba hakupenda kwenda. Alisema kunanuka moshi na kwamba mavi ya ng'ombe hayatoki kwenye viatu vyeupe. Bibi hakuwahi kumsikia akipuliza hata siku moja. Alijua tu kwamba mwanawe anafanya kazi ya serikali inayohusu mdomo, na aliwaambia jirani zake hivyo kwa fahari. Kila nilipokwenda likizo aliniuliza, "Mjomba wako anapigaga vizuri?" Nami nilimjibu, "Sana, Bibi. Anashindaga wote."

Likizo moja shule ilipofungwa, mama aliniambia nitaondoka na lori la bendi. Bendi ilikuwa inazunguka vijijini upande wa Bunda, wangenishusha kwa Bibi. Tuliondoka alfajiri. Nilikaa nyuma kati ya ngoma na betri za vipaza sauti, nikiwa na gauni la sikukuu, na nyuma yetu lilifuata lori la pili, tupu. Nikamuuliza Mjomba la nini.

"La watu," akasema.

"Wa kwenda wapi?"

"Kwenye maendeleo." Wanamuziki wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Nilidhani Maendeleo ni jina la ukumbi mpya. Nilifikiri hatimaye mtu amejenga ukumbi unaofaa, na ni mzuri kiasi kwamba watu wanafuatwa kwa lori.

Tulifika kwa Bibi jua limeshachomoza. Palikuwa na mgambo, na bwana mmoja wa wilayani aliyeshika kalamu. Bendi haikushuka. Walifungua ubao wa nyuma wa lori, Kapteni akahesabu kwa vidole, na wimbo ukaanza, wimbo ambao sikuwahi kuusikia, mchangamfu, wa kuwaambia watu wahame kwa furaha waende wakaishi pamoja karibu na shule na zahanati. Watu wakatoka ndani na vigoda. Nikasema moyoni, kama Butiama tu, kila mtu anakuja na cha kukalia. Wakatoka na vyungu. Nikasema, kutakuwa na chakula. Kisha mgambo wawili wakapanda juu ya nyumba ya Bibi wakaanza kung'oa nyasi za paa, nami nikafurahi zaidi, kwa sababu paa lile lilikuwa linavuja na Bibi alikuwa amelalamika siku nyingi kwamba hana mwanamume wa kumtengenezea.

Bibi alitoka wa mwisho. Alisimama katikati ya ua, kanga imemwanguka begani, akawa anapiga viganja vyake, mara moja, anavifungua, anapiga tena. Mimi niliyelelewa kwenye bugi niliona anafuata wimbo. Niliona tu kwamba anachelewa kidogo, haendi sawa na ngoma.

Kisha akamwona mwanawe juu ya lori.

Hakupiga kelele. Alisogea mpaka karibu na tairi, akainua uso. "Bwire," alisema, "hiyo ndiyo kazi uliyokuwaga unaniambia?"

Mjomba alikuwa na saksafoni mdomoni. Aliitoa, akafungua kinywa, akamtazama yule bwana wa kalamu, akamtazama Kapteni.

"Solo," Kapteni akasema. "Bwire, solo! Usiniue wimbo."

Mjomba akairudisha mdomoni, akafumba macho, akapuliza.

Nataka niwe mkweli hapa, maana ningependa sana kusema kwamba alipuliza vibaya. Alipuliza vizuri. Hakuwahi kupuliza vile kabla, na sidhani kama alipuliza vile tena. Yule mbuzi wa kwenye kamba hakuwapo. Sauti ilipanda juu bila kupasuka, ikakaa huko, ikashuka taratibu, na safari ile macho yake hayakufumbuka hata kidogo. Mpiga ngoma aligeuka kumtazama. Kapteni akasahau leso yake. Nyasi za nyumba ya mama yake zilikuwa zinaanguka uani, vumbi linatimka mpaka kwenye lori, na yeye akarudia kile kipande mara ya pili kwa sababu kilikuwa kimenoga.

Nami nikapiga makofi. Peke yangu. Nilisimama juu ya sanduku la betri na gauni langu nikashangilia.

Bibi akanigeukia. Uso umetulia kabisa, akasema, "Nyamisi, shuka huko. Njoo unishikie kuku."

Nilishuka. Alinipa kuku wawili wamefungwa miguu, akapanda lori la pili, akanivuta. Alikaa juu ya gunia la mtama, ameupa mgongo upande wa bendi, anatazama zile kuta zilizobaki bila paa na lile tuta la mawe pale ua lilipoishia, kaburi la Babu. Mgambo mmoja alimuuliza kama kuna kitu amesahau. Akamjibu, "Huyo hapandi lori."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na sikuelewa kwa mara moja. Nilielewa kidogo tuliposhushwa kwenye uwanda mtupu wenye vigingi vilivyochomekwa kwa mistari, Bibi akaonyeshwa kigingi chake akaambiwa hapa ndipo nyumbani. Nilielewa zaidi tulipolala chini ya turubai usiku ule, na tulipokwenda kuchota maji alfajiri na kurudi mchana. Ukumbi nilikuwa bado nautafuta kwa macho. Siku ya tatu nikamuuliza Bibi, "Dansi litakuwa lini?" Akaniambia, "Si ulilicheza juu ya lori?"

Niliporudi Nyakato mama aliniuliza habari za huko, nami nikamweleza yote, kwa kuwa sikujua cha kuficha. Alikuwa anapiga pasi. Alinisikiliza bila kunikatiza mpaka nilipofika kwenye saksafoni.

"Alipiga?"

"Alipiga, mama. Vizuri sana."

"Mama amesimama hapo?"

"Amesimama hapo."

Aliinua pasi kutoka kwenye shati, akaiweka pembeni kwenye kipande cha bati. Shati lilikuwa limebaki mkono mmoja, lakini alilikunja hivyo hivyo. Mjomba alipotoka mazoezini jioni alikuta mashati yake yote juu ya kiti cha uani, mengine makavu, mengine bado yana maji.

"Dada," alisema, "ningefanya nini? Wangenifukuza kazi. Hata nisingepuliza, nyumba ingebomolewa tu."

"Ingebomolewa," mama akakubali. "Ila isingebomolewa na wewe unapuliza."

"Mi sikushika hata unyasi mmoja!"

"Ndiyo. Ungeshika ningekuelewa. Wale wa kwenye paa waliona haya, Nyamisi anasema walikuwaga hawatazami chini. Wewe ulitaka usikike." Alichukua ndoo akaenda kuchota maji. Mlangoni akageuka. "Sikufukuzi. Lakini hicho kitu kwenye nyumba yangu hakilii."

Mjomba hakukaa mwezi. Yule bwana wa kalamu, ambaye, ukiniacha mimi, ndiye pekee aliyefurahia asubuhi ile, alikuwa amesimulia huko kwa wakubwa habari za kijana mmoja anayepuliza mpaka watu wanahama wenyewe. Akaitwa Mwanza kwenye bendi kubwa, kisha Dar es Salaam. Tukaanza kusikia jina lake redioni. Majirani walikuja mbio kumwambia mama, "Mama Nyamisi, fungua redio, ndugu yako huyo!" Mama aliwakaribisha, akawapa uji, akafungua redio, akatoka nje kupepeta mchele mpaka wimbo uishe.

Bibi aliishi kwenye kile kigingi miaka kadhaa. Alijenga, akalima alipoambiwa alime, hakulalamika mbele ya mtu. Mjomba alimtumia blanketi na kitambaa cha gauni, Bibi akavipokea, akavitumia. Hakuwahi tena kuniuliza kama mjomba wangu anapigaga vizuri.

Alipofariki tukamzika hapo hapo kijijini, mbali na Babu. Mjomba alifika kutoka Dar es Salaam asubuhi ya mazishi, suti nyeusi, amenenepa, na lile kasha mkononi. Kijiji kizima kilimkimbilia yeye kabla ya maiti. Mwenyekiti wa kijiji hakuamini bahati yake. Baada ya mchungaji kumaliza, kabla ya kushusha sanduku, akasimama akatangaza kwamba mwana wa marehemu, msanii wetu mashuhuri, sasa atamuaga mama yake kwa chombo chake.

Watu wakanong'ona kwa furaha. Wengine walisogea mbele wapate kuona vizuri. Mjomba aliinama, akafungua kasha, akaitoa saksafoni, akaulowesha mdomo wake. Niliona amekwisha kufumba macho.

Mama hakuinuka pale mkekani alipokaa. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayemjibu mtu sokoni:

"Asante, mwenyekiti. Mama alishamsikia."

Mwenyekiti alimtazama mama, akamtazama Mjomba, akakohoa, akasema basi tuendelee. Vijana wakashika kamba, sanduku likashushwa. Mjomba alibaki ameshika ile saksafoni mbele ya kifua muda kidogo, hajui aipeleke wapi, kisha akairudisha kwenye kasha na kulifunga vifungo vyote viwili. Kufikia hapo mstari wa kutupa udongo ulikuwa umeshapangwa: mama kwanza, kisha ndugu, kisha sisi wajukuu. Alikuja akasimama nyuma yangu, akangoja kidogo, akanigusa bega.

"Nyamisi," alisema polepole, "mimi ni mwanawe."

Nilikuwa binti mkubwa wakati huo, nilimsikia vizuri. Sikumpisha.